Karatasi Iliyopakwa Mshumaa

Mashine ile ilikuja Mpanda kwa treni kutoka Tabora, ndani ya kreti la mbao lililokuwa refu kuliko jeneza la mtu mzima. Mwaka ule kila sanduku la mbao nililipima hivyo, sikuwa na kipimo kingine. Wanaume sita walilipakia kwenye lori pale stesheni, na walipolifikisha ofisini mlango ukawa mdogo, ikabidi seremala aitwe kung'oa fremu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa kupima mipaka ya vijiji. Ramani zilichorwa pale kwa mkono, zikapelekwa vijijini, na huko hazikumaliza mwaka kabla ya mvua, moshi na mchwa kuzila. Ndipo wafadhili wakaleta mashine ya lamineshen, ya kufunika karatasi kwa plastiki pande zote mbili. Haikuwa ile ndogo ya vitambulisho. Hii ilimeza karatasi yenye upana wa zaidi ya mita moja. Mimi nilikuwa mhudumu. Nilifagia, nilichota maji, nilipika chai. Nimesoma hadi darasa la saba, na sikutegemea kuigusa mashine ile isipokuwa kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Miezi minne kabla haijafika, binti yangu alikufa. Alikuwa darasa la kwanza, na sikuwa na mtoto mwingine. Baba yake alishatangulia siku nyingi. Tuliishi kigangoni, kando ya barabara ya Mishamo, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini. Mvua za mwezi wa pili zilileta ugonjwa wa kuhara, na mimi ndiye niliyeanza. Majirani walinipeleka hospitali nikiwa sijitambui. Mtoto akabaki kwao, akaugua siku ya pili, siku ya tatu akafa. Niliporuhusiwa kutoka alikuwa na siku tano ardhini.

Wiki ile walizikwa watu ishirini na mmoja, wengi watoto, na matuta yao yalifanana. Katekista wa kigango, ambaye sote tulimwita mwalimu, alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye msalaba wenye jina la binti yangu. Lilikuwa limeandikwa kwa waya wa moto. Niliangalia jina, sikuangalia mahali. Sikuhesabu matuta, sikutazama mti wala njia. Macho yalikuwa kwenye zile herufi tu, halafu wakaninyanyua wakanirudisha nyumbani. Kwetu makaburini hatuendi ovyo. Mtu huenda siku ya kuzika, na siku ya kumaliza matanga, na tarehe mbili Novemba tunapopalilia makaburi ya marehemu wote. Kwa hiyo mahali pale nilipaona mara moja tu.

Mwalimu alikuwa mtu makini. Aliona kwamba makaburi mengi ya wiki moja yatamchanganya, akaunganisha karatasi mbili za manila kwa gundi na kuchora yote kwa kalamu ya wino mzito: njia, mti wa mtundu, safu nne, kila tuta na jina lake. Nilikuwepo alipomaliza. Paa la kigango lilikuwa la nyasi na lilivuja, kwa hiyo akafanya kama tulivyozoea kufanya kwa vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki. Alichukua vipande vya mishumaa vilivyobaki altareni akaisugua karatasi yote, mbele na nyuma, mpaka maji yakawa yanateleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Upande mmoja nilisugua mimi. Lile nalikumbuka vizuri kuliko mambo mengi ya wiki zile.

Fundi wa kuifunga mashine alitoka Dar es Salaam, akakaa kwetu siku nne. Siku ya kwanza hakuwasha kitu. Alilaza pima maji sakafuni, akaweka vipande vya bati chini ya mguu mmoja hadi mashine ikakaa sawa, maana ikiinama kidogo tu karatasi inakwenda upande. Akaisogeza mbali na dirisha, akasema vumbi likiingia kati ya plastiki na karatasi limeingia moja kwa moja. Akaivutia waya wake peke yake na swichi yake ukutani. Alipomwona karani wa kupiga chapa anataka kuchomeka birika hapo, alimwambia, "Dada, ukichemsha chai kwenye waya huu, chai utakunywa gizani."

Siku ya pili alitukusanya mbele ya rola. Zilikuwa za mpira, mbili, moja juu ya nyingine, na plastiki ilitoka kwenye magombo mawili, la juu na la chini, ikakutana katikati. Akaturuhusu kupeleka kiganja karibu, bila kugusa, tusikie joto.

"Mdomo huu haujui karatasi wala kidole," alisema. "Ukiupa utavuta. Sasa nani humu hana kitu kinachoning'inia?"

Mchoraji ramani alishika tai yake. "Fundi, hii tai ndiyo heshima yangu."

"Basi heshima itatangulia kwenye rola, na wewe utaifuata."

Tulicheka. Karani akasema yeye nywele zake amesukwa siku mbili nzima na hafungi kitambaa kwa ajili ya mashine. Fundi akazungusha macho, akanikuta mlangoni na sinia la vikombe.

"Huyu mama je? Gauni la mikono mifupi, hana bangili, kichwa kipara safi. Mama, wewe umeletwa na Mungu."

Hakuna aliyecheka. Karani akamwambia kwa sauti ya chini, "Fundi, ana msiba. Amemzika mtoto." Nilikuwa bado nanyoa, matanga yetu hayajamalizwa.

Fundi akashusha macho. "Pole sana, mama. Sikujua."

"Nimeshapoa," nikasema, kama tunavyosema.

Lakini ndivyo nilivyoipata kazi ile. Mchoraji hakutaka kuvua tai, karani hakutaka kufunga nywele, na mkubwa wa ofisi alisema mhudumu ana muda. Fundi alinifundisha siku mbili zilizobaki, na hakunifundisha kama mtu anayemfundisha mfagiaji. Washa, subiri nusu saa, usiharakishe moto. Kagua magombo, kila moja ligeuze upande wake wa gundi, kwa sababu ukikosea gundi inashika rola badala ya karatasi. Teremsha rola kwa mpini. Pitisha kwanza ubao mwembamba wa kuongozea plastiki. Lisha karatasi kwa ncha za vidole, ukiwa umeinyoosha, na uachie kabla hujafika kwenye ukingo. Umeme ukikatika, na Mpanda umeme wa majenereta ulikatika ulivyotaka, nyanyua rola papo hapo, maana mpira wa moto ukilaliana unabonyea na haurudi kuwa duara. Karatasi ikijiviringisha kwenye rola, bonyeza kitufe chekundu, zima moto, nyanyua, ngoja ipoe. Usivute. Usichokonoe kwa kisu. Usitie mkono.

"Hata kama inaungua?" nilimuuliza.

"Hata kama inaungua. Karatasi itachorwa nyingine."

Na la mwisho alilisema akiwa anafunga begi lake: kitu usichokijua, kata kipande kidogo pembeni ukijaribu kwanza. Kuna wino unaokimbia, kuna karatasi inayogeuka nyeusi, kuna michoro ya kalamu za mafuta inayoyeyuka.

Miezi iliyofuata nilipitisha ramani nyingi, na hakuna iliyoharibika mkononi mwangu. Mchoraji alianza kuniita "mwenye mtambo". Siwezi kusema nilifurahi. Ilikuwa kazi inayotaka macho yasitoke kwenye ukingo wa rola, na kwa saa mbili au tatu nilikuwa sifikirii kitu kingine.

Mwezi wa nane moto wa nyika ulipita makaburini. Kila mwaka hupita mahali fulani, watu wakichoma mashamba, na mwaka ule upepo uliuleta kwetu. Misalaba yote ishirini na mmoja iliungua, na mti wa mtundu ukaungua nayo. Majirani walisikitika ila hawakuhangaika sana. Majina tunayo, walisema, na mahali pao tunapo kwenye karatasi ya mwalimu. Seremala akapewa kazi ya kuchonga misalaba mipya ya mninga, isimikwe tarehe mbili Novemba wote wakiwa wamekusanyika.

Wao wengi walikuwa wamezika kwa mikono yao. Wangeweza kusema ni huku au ni kule. Mimi sikuwa na kitu kichwani. Nilichokuwa nacho kilikuwa kwenye karatasi ile peke yake, na karatasi ilikuwa imeviringishwa nyuma ya altare chini ya paa linalovuja, mchwa wameshaanza kuupanda ukuta. Mwezi wa kumi, matone ya kwanza yalipoanguka, nilimwambia mwalimu anipe niipeleke ofisini nikaifunike plastiki.

"Hiyo mashine yenu inaweza kitu kipana hivi?"

"Inaweza mara mbili ya hiki, mwalimu."

"Basi chukua. Huko itakuwa salama kuliko hapa."

Mkubwa wa ofisi aliniruhusu. Mchoraji ramani aliikunjua mezani, akaitazama muda mrefu bila utani.

"Dada, mimi kesho nakwenda Sitalike kupima, wiki moja tu. Nikirudi nitakunakilia kwenye karatasi nyingine kwanza. Halafu utapitisha hii."

Nilisema sawa. Aliondoka, na nilingoja siku mbili. Siku ya tatu niliamua kuipitisha.

Watu wameniuliza kwa nini sikungoja, na nimekuwa nikitoa sababu za mvua na za umeme, kwamba siku ile dizeli ilikuwepo. Ni kweli dizeli ilikuwepo. Lakini sababu yenyewe ni kwamba sikumzika mwanangu. Sikumwosha, sikumvisha, sikutupa hata konzi ya udongo. Nilitaka kuwe na kitu kimoja nilichomfanyia kwa mikono yangu, nikifanye peke yangu, bila mtu kukinakili kwanza.

Mshumaa niliukumbuka. Sitaki kusema nilisahau. Niliifuta karatasi vumbi kwa kitambaa na nikahisi ule utelezi chini ya vidole, nikafikiri ni vizuri, zitakuwa kinga mbili, mshumaa ndani na plastiki nje. Kuhusu kukata kipande cha kujaribu, nilishika mkasi kabisa. Nikaizungusha karatasi pande zote nne. Upande wa juu kulikuwa na safu ya kwanza, majina yamefika hadi ukingoni. Chini hivyo hivyo. Kila pembe ilikuwa na mtu. Nikaurudisha mkasi.

Niliwasha nikasubiri nusu saa. Nilikagua magombo. Niliteremsha rola, nikapitisha ubao wa kuongozea, nikapunguza mwendo hadi wa chini kabisa. Nililisha kwa ncha za vidole, sawasawa, nikaachia mahali pa kuachia. Kipande cha kwanza kilitoka upande wa pili kikiwa kimefunikwa, na majina ya safu ya kwanza yakaonekana chini ya plastiki. Halafu nikasikia harufu ya kanisa.

Karani naye aliisikia. "Dada, kuna mshumaa unawaka humu?"

Plastiki ilianza kutoka na malengelenge meupe. Chini yake wino ulikuwa unatembea. Sijui nieleze vipi, ulitoka kwenye herufi ukafuata nta iliyoyeyuka kama maji yanavyofuata mfereji. Kisha karatasi ikateleza kati ya rola, ikaenda upande, ikajikunja, na plastiki ya juu ikaanza kupanda kwenye rola na kuizunguka pamoja nayo.

Nilibonyeza kitufe chekundu. Nilizima moto. Nilinyanyua rola kwa mpini, zikaachana kidogo tu kwa sababu kile kilichojiviringisha kilikuwa kimeshikana. Safu ya tatu ilikuwa mle ndani. Niliiona sehemu yake, ile ya binti yangu, herufi mbili za mwanzo bado zinasomeka, umbali wa shubiri moja kutoka mkononi mwangu. Kama ningetia mkono na kuvuta wakati ule, labda ningeitoa kabla wino haujamalizika. Labda ningechana. Mkono niliunyanyua.

"Alisema usitie mkono," karani alisema. Alikuwa amesimama mezani kwake na hakusogea.

Sikutia. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikakaa kwenye kiti nikangoja ipoe. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Joto la rola liliendelea kufanya kazi yake juu ya karatasi muda wote ule, na mimi nilikuwa nimekaa naangalia. Mikono yangu haina kovu hata moja la mashine ile. Mara nyingine nimetamani lingekuwepo.

Ilipopoa niliikata plastiki taratibu nikaitoa. Safu ya kwanza ilikuwa nzima, majina sita. Yaliyobaki yalikuwa doa la bluu lenye mikunjo. Nilisafisha rola kwa kitambaa laini na spiriti mpaka zikang'aa, kwa sababu hilo nalo nilifundishwa, kisha nikaifunga ile karatasi kwenye baiskeli nikaenda kwa mwalimu.

"Mwalimu, nimeiharibu."

"Umeiharibuje na mashine ni ya kisasa?"

"Mshumaa umeyeyuka, ukaondoka na wino."

Aliipokea akaigeuza huku na huku, kama mtu anayetafuta upande ulio mzima. "Basi kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepaka."

"Ulipaka kwa ajili ya mvua. Mimi nilijua imepakwa na nikaitia kwenye moto."

Aliiviringisha karatasi. Kisha akasema, akiwa haniangalii, "Tunaweza kuwaambia watu paa lilivuja. Kila mtu analijua hili paa. Hakuna atakayeuliza."

"Hapana, mwalimu."

"Nakusaidia wewe, mama yangu. Utaishi nao hapa."

"Najua. Nitawaambia Jumapili."

Jumapili, baada ya ibada, nilisimama nikawaambia. Nilieleza kuhusu mshumaa, kuhusu mkasi nilioushika nikauacha, na kwamba mchoraji alitaka kuinakili kwanza na mimi sikungoja. Nilipomaliza, mama mmoja aliyezika watoto wawili akasema, "Plastiki. Nani alikuomba plastiki?"

"Hakuna aliyeniomba."

"Ulitaka tuone kazi ya mjini," alisema mwingine. "Umetuonyesha."

Nilikaa.

Tarehe mbili Novemba tulikwenda makaburini na misalaba mipya. Mwalimu alikuwa na daftari la kuchora upya. Safu ya kwanza ilisimikwa kwa haraka kwa kufuata kile kipande kilichopona. Baada ya hapo aliwaambia watu, "Kila mtu asimame alipozika." Wakasimama. Wengine walikwenda moja kwa moja bila kutafuta. Wengine walisimama, wakasogea, wakaulizana. "Nyie mlikuwa nyuma yetu au mbele?" "Mbele, mvua ilikuwa inatupiga usoni." Yule mama wa watoto wawili alilala kifudifudi kati ya matuta mawili na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwishoni yalibaki matuta mawili madogo, yamepakana, kwenye safu ya tatu. Majirani waliomzika binti yangu walikumbuka safu tu, na mwalimu vivyo hivyo. Na tulibaki watu wawili, mimi na mzee mmoja aliyemzika mjukuu wake. Mzee alikwenda akasimama kwenye tuta la kushoto.

Mimi nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba la kushoto ndilo langu. Nilikumbuka, au nilijitengenezea kukumbuka, kwamba siku ile mwalimu aliponishika mkono jua lilikuwa upande fulani na nilipiga magoti nikiwa nimelipa mgongo. Nilifumba macho nikajaribu kuiona tena siku hiyo. Niliona jina tu.

"Mzee, una hakika?" mwalimu aliuliza.

"Nilichimba mwenyewe. Wiki ile nilichimba mengi, lakini hili nilichimba."

"Ndiyo, lakini una hakika ndilo la mjukuu?"

"Mwalimu," mzee alisema, "nikisema sina hakika, utanipa nini?"

Mwalimu akanigeukia. "Na wewe, mama?"

Ningeweza kusema nina hakika. Mzee angebishana kidogo, halafu angeniachia, kwa sababu mimi ni mama na yeye ni babu tu. Watu walikuwa wamechoka na jua lilikuwa kali.

"Sina hakika," nikasema. "Aachiwe mzee."

Wakasimika msalaba wa mjukuu wake kushoto na wa binti yangu kulia. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake. Siku hiyo hiyo tukamaliza matanga, tukala, watu wakarudi makwao.

Nilikaa kigangoni miaka mingine minne kabla ya kuhama, na kila Novemba nilikwenda na jembe. Nililipalilia lile tuta la kulia, nikaondoa magugu, nikasimamisha msalaba kama umeinama. Wenzangu wakati wa kupalilia huongea na watu wao. Huwaita, huwapa habari za nyumbani, nani ameolewa, mbuzi gani amezaa. Mimi nilifanya kazi nikiwa kimya, kwa sababu niliogopa kumwita mtoto wa mwenzangu kwa jina la wangu. Yule mzee alikuwa hapo pembeni, hatua mbili kutoka kwangu, anang'oa magugu kwa mkono. Naye hakusema neno.